KULIKONI MVUVI AWAHI, BOTI YA SERIKALI ICHELEWE?

Ndugu msomaji, wewe kijana mwenzangu unayeshinda kijiweni, hebu tuulizane. Ndege ikishindwa kutua salama, nani anatakiwa kufika wa kwanza?

Machi 1, 2010 Boeing 737 ya ATCL ilitua Mwanza kwenye mvua, ikaserereka nje ya njia, gurudumu la mbele likavunjika. Hakufa mtu. Tukashukuru Mungu, tukasahau.

Novemba 6, 2022 bahati ile haikurudi. ATR 42 ya Precision Air, watu 43 ndani, ilikuwa inatua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, ikatumbukia Ziwa Victoria. Uwanja pale pale, unaonekana kwa macho! Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwemo.

Waliowahi ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja alihangaika kuwafikia marubani hata akazimia, akalazwa hospitali. Na boti ya polisi wa majini je? Ripoti ya awali ya uchunguzi ilisema ilifika saa saba mchana, wakati ndege ilianguka kabla ya saa tatu asubuhi. Oksijeni ya wazamiaji haikutosha, na mafuta ya boti nayo hayakutosha. Msidhani hayo ni maneno ya wapinzani, ni ripoti ya serikali yenyewe.

Ziwa ni lile lile lililomeza MV Bukoba na mamia ya roho Mei 21, 1996. Miaka 26 hiyo!

Mvuvi yule alipewa shilingi milioni moja na kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Safi kabisa, alistahili. Lakini kumwajiri mtu mmoja hakujazi mtungi wa oksijeni.

Naandika kutoka Litumbandyosi, Mbinga. Sisi walalahoi wa huku tukitaka kupanda ndege ni mpaka Songea, kama nauli ipo. Ila ziwa tunalo. Teremka Mbamba Bay siku Nyasa imechafuka uone watu wanavyovuka na roho mkononi. Huko akizama mtu, nako tumngojee mvuvi?

Mwaka 2018 vigogo waliipokea Dreamliner kwa shangwe na vigelegele. Basi mheshimiwa akija kijiweni kwenu kuwasimulia habari za ndege mpya, mwacheni amalize. Kisha mwulizeni boti ya uokoaji iko wapi, na leo asubuhi tangi lake lina lita ngapi.