Kiingereza si chaki tu, ni sauti pia

Hapa Luvungi, mwalimu anayefundisha Kiingereza cha ubaoni na kuacha sauti anampa mwanafunzi nusu ya lugha. «Sorry» ikishuka sauti ni kuomba radhi. Ikipanda, ni kuomba mtu arudilie alichosema. Mkimbizi mbele ya afisa wa shirika akiishusha, ataonekana amekiri kosa, kumbe hakusikia swali.

Tena sikio lipo tayari! Mtoto wa Kifuliiru anajua tangu utoto kwamba sauti ikipanda au kushuka, maana ya neno hubadilika. Kwa Kiswahili, «Amekula» na «Amekula?» zinatenganishwa na sauti peke yake. Basi walimu waweke chaki chini, waseme, na darasa zima liwaitikie. Mtihani nao upime mdomo, si kalamu peke yake.