Kadi ya mtandao ina kasi, lakini seva inakwama: kosa liko wapi?

Hospitali, chuo kikuu ama mtoa huduma ya intaneti kunako Goma, Bukavu au Lubumbashi akinunua kadi ya mtandao ya gigabiti 10, analipa kwa dola na kungojea mzigo kutoka ng'ambo. Kisha linajitokeza tatizo la ajabu: kutuma peke yake ni sawa, kupokea peke yake ni sawa, ila vyote viwili vikienda pamoja kasi inaanguka. Nakala za akiba zinapotumwa, daktari anayefungua picha za skana anangoja. Mara nyingi kadi ndiyo inahukumiwa kwanza, na hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Tangu kanuni ya Etaneti ya gigabiti 10 kupitishwa mwaka wa 2002, kadi hizo hutuma gigabiti 10 kwa sekunde na kupokea 10 nyingine wakati uleule, bila kupokezana. Kwa hiyo upande mmoja ukipita vizuri na pande mbili zikakwama, uchunguzi uanzie ndani ya mashine.

Kwanza ni sloti ya PCIe. Sloti ya kizazi cha pili yenye njia 4 inabeba gigabiti 16 hivi kwa kila upande, wakati kadi yenye milango 2 inahitaji 20. Tena, kadi inapotuma, inaomba data kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na maombi hayo yanapita upande uleule wa data zinazopokelewa. Ndiyo maana jaribio la upande mmoja linaficha ubovu. Sloti ndefu nayo inaweza kuwa na njia chache ndani: kwenye Linux, amri ya lspci -vv inaonyesha njia ambazo kadi inaweza kutumia na zile ilizopata kweli.

Pili ni prosesa. Kwa pakiti za kawaida za baiti 1500, gigabiti 10 ni pakiti 812,000 hivi kwa sekunde. Pande zote mbili ni zaidi ya milioni 1.6. Kiini kimoja kikiachiwa kazi yote kinazidiwa, huku vingine vimepumzika. Dawa ni kugawa foleni za kadi kwa viini vingi, na kwenye mashine ya prosesa mbili, kuchagua viini vilivyo karibu na sloti.

Tatu ni foleni zenyewe. Kila anayetuma kwa TCP husubiri risiti kutoka kwa mpokeaji. Pande zote zikijaa, risiti zinakwama nyuma ya data na mtumaji anapunguza mwendo. Amri ya ethtool -S inaonyesha pakiti zilizotupwa.

Jinsi ya kupima ni rahisi. Programu ya iperf3, tangu toleo la 3.7, ina chaguo la --bidir linalotuma na kupokea pamoja bila kugusa diski. Mashine mbili ziunganishwe moja kwa moja: kasi ikirudi, swichi ndiyo ya kushukiwa; isiporudi, tatizo liko kwenye mashine zenyewe.

Hapo ndipo penye funzo kwa wanaosimamia manunuzi. Muuzaji akionyesha jaribio la upande mmoja tu, ameonyesha nusu ya kazi. Jaribio la pande mbili lidaiwe kabla ya kutia sahihi ya mapokezi, si baada ya kuagiza kadi ya pili.