Mfano wa Kitu Kisichokuwako

Je, yawezekana kufanya mfano wa kitu kisichokuwako? Nyumba waweza kuifinyanga kwa udongo, maana umeiona. Lakini mtoto asiyezaliwa hapigwi picha! Hata hivyo wataalamu hufanya jambo hilo, wala si waongo. Sikilizeni.

Huko San Francisco, Marekani, iko ghuba kubwa. Maji ya bahari huingia kwa mlango mwembamba, hujaa na kupwa, na maji ya mito miwili mikubwa hushukia humo humo. Bwana mmoja, John Reber, mwalimu na mwenye kuandaa michezo ya kuigiza, alitaka ghuba ikatwe kwa kuta mbili, ili maji ya mito yasipotee baharini, bali yafanye maziwa mawili ya maji baridi. Wengi walimsifu. Lakini ukuta wa namna hiyo ukishajengwa na kuleta hasara, nani ataubomoa?

Basi mainjinia wa jeshi walijenga ghuba ndogo ya zege huko Sausalito, ikawa tayari mwaka 1957. Futi 1,000 za ghuba ni futi 1 ya mfano. Lakini kwenda chini, futi 100 ni futi 1, kwa sababu bila hivyo maji yangekuwa haba kama umande. Siku nzima hupita kwa dakika 15 hivi.

Kwanza hawakuweka ukuta wo wote. Waliendesha maji, wakayalinganisha na vipimo vya ghuba yenyewe. Walisimamisha vipande vya shaba, maelfu kwa maelfu, kupunguza mwendo wa maji, mpaka ile ndogo ikafuata kubwa. Kazi hiyo ya kuchosha ndiyo kiini cha habari yangu. Mfano uliokwisha kusema kweli juu ya yaliyoko, ndio unaostahili kuulizwa juu ya yasiyokuwako.

Ndipo wakatia kuta. Maji yakajibu: mpango haufai. Ukaachwa.

Angalieni lakini: mfano uliulizwa habari za maji tu. Ukiuuliza bei ya samaki, utanyamaza; na mtu akidai umemjibu, huyo ndiye mwongo.

Uchunguzi ulikoma humo mwaka 2000, na siku hizi wageni huja kutazama tu. Kuta za Bwana Reber hazimo, wala hazimo katika ghuba yenyewe.