Chama Kikikalia Kiti cha Hakimu

Wananchi wa Kitui na Makueni hawahitaji kufundishwa maana ya shinikizo la chama. Mwaka 1988 walipangwa milolongo hadharani nyuma ya wapambe na picha za wagombea, wakihesabiwa kama mifugo mnadani, na mgombea aliyepata asilimia 70 katika mlolongo huo alihesabiwa kuwa amekwisha kushinda bila kura ya siri kupigwa. Katika mwaka huohuo wa 1988, Bunge lililokuwa la chama kimoja lilibadilisha katiba na kuwanyang'anya majaji dhamana yao ya kudumu kazini. Mambo hayo mawili hayakukutana kwa bahati. Mwenye kuiba mlolongo huhitaji hakimu ambaye hatauliza mlolongo ulikuwa na watu wangapi.

Dhamana ya majaji ilirudishwa mwaka 1990, na mwezi wa Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kikafutwa. Wengi wetu tuliamini kwamba vyama vikiwa vingi, hofu itakwisha. Mwaka 1992 Kitui ya Kati ilimchagua Bi. Charity Ngilu na Kibwezi ikamchagua Bi. Agnes Ndetei, wote kwa tiketi ya DP, huku serikali nzima ikivutia upande mwingine. Huo ulikuwa ushujaa wa wapiga kura, na tunauheshimu mpaka leo. Lakini kuongeza idadi ya vyama si sawa na kupunguza nguvu ya chama juu ya mtu, wala juu ya mahakama.

Tuanze na mwanasiasa. Mwaka 1966 katiba ilibadilishwa kwa haraka ili mbunge anayekihama chama chake apoteze kiti, shabaha ikiwa wafuasi wa Jaramogi Oginga Odinga waliojiunga na KPU. Kanuni hiyo haikufa na enzi zake, kwani kifungu cha 103 cha Katiba ya 2010 kinasema vivyo hivyo. Ina maana njema: mtu asichukue kura za chama hiki akaenda kuziuza kwa chama kile. Lakini ina ubaya wake pia. Mbunge anayejua kwamba tiketi iko mikononi mwa watu wachache wa Nairobi huwaogopa hao kuliko anavyowaogopa watu wa Mutomo waliotembea tangu alfajiri kumpigia kura. Hapa Ukambani, ambako mara nyingi mchujo wa chama kinachovuma ndio uchaguzi wenyewe, mwenye kutoa cheti cha chama amekuwa kama mwenye kutoa kiti.

Makueni iliona matunda ya hali hiyo. Mwaka 2013 Profesa Kivutha Kibwana alichaguliwa gavana kwa tiketi ya chama cha Muungano, huku bunge la kaunti likiwa na wingi wa wawakilishi wa Wiper. Ugomvi wa bajeti uligeuka kuwa vita vya kambi mbili, na tarehe 23 Septemba 2014 risasi zililia mjini Wote na watu wakajeruhiwa. Wananchi wakatia saini ombi la kuivunja serikali yao wenyewe. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ikapendekeza ivunjwe, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Mwaka 2017 wapiga kura walimrudisha gavana na kuwaacha nyumbani wawakilishi wengi wa wadi. Kura ilitoa hukumu, lakini ilikuwa imewalazimu wananchi kungoja miaka mitatu.

Sasa tuje kwa mahakama. Baada ya uchaguzi wa 1992, kesi ya Bw. Kenneth Matiba dhidi ya Rais Moi ilitupwa kwa sababu Bw. Matiba, aliyekuwa mgonjwa, hakuitia saini kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya uchaguzi wa 1997, kesi ya Bw. Mwai Kibaki ilitupwa kwa sababu karatasi hazikumfikia Rais mkononi, Rais ambaye raia wa kawaida hangeweza kumsogelea kwa sababu ya walinzi. Katika kesi hizo mbili hakuna aliyefika mahali pa kuulizwa kura zilikuwa ngapi. Watu walisikia, wakakumbuka msemo wa wazee kwamba kesi ya nyani ukimpelekea ngedere, haki usiitarajie.

Deni hilo lililipwa kwa damu. Mwisho wa mwaka 2007 waliodai kuibiwa kura walikataa kwenda mahakamani, wakisema mahakama ni ya aliyetangazwa mshindi. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Hatusemi kwamba majaji ndio walioshika mapanga. Twasema kwamba pale ambapo mlango wa mahakama hauaminiwi, wenye mapanga hupata wafuasi.

Katiba ya 2010 ilikusudiwa kuufungua mlango huo. Mtihani mmoja ulikuja Makueni mapema. Seneta Mutula Kilonzo alifariki mwezi wa Aprili 2013, na binti yake, wakili Kethi Kilonzo, akateuliwa kugombea kiti hicho. Wapinzani wake walisema hakuwa katika daftari la wapiga kura. Tume ya uchaguzi ikamzuia, na majaji watatu wa Mahakama Kuu wakakubaliana na tume. Uchungu ulikuwa mkubwa, na wengi waliona mkono wa serikali. Hata hivyo chama kilimsimamisha ndugu yake, Mutula Kilonzo Mdogo, na tarehe 26 Julai 2013 wananchi wakampa ushindi mkubwa. Hakuna nyumba iliyochomwa. Waliokasirishwa na mahakama walibaki na njia ya pili iliyo halali, wakaitumia. Hivyo ndivyo mfumo unavyopaswa kufanya kazi.

Mtihani mkubwa ulikuwa wa 2017. Tarehe 1 Septemba majaji wanne kati ya sita wa Mahakama ya Juu, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, waliufuta uchaguzi wa urais. Rais aliyekuwa madarakani aliwaita wakora mbele ya umati. Tarehe 24 Oktoba dereva wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu alipigwa risasi. Kesho yake, kesi ya kuahirisha uchaguzi wa marudio ilipoitwa, ni majaji wawili tu waliofika, na kesi haikuweza kusikilizwa. Mwaka 2019 Tume ya Utumishi wa Mahakama ilipendekeza majina 41 ya majaji. Rais aliyaweka kando karibu miaka miwili, kisha mwezi wa Juni 2021 akawateua 34 na kuwaacha sita, akiwemo Jaji George Odunga, aliyekuwa akisikiliza kesi katika Mahakama Kuu ya Machakos, jirani zetu. Waliteuliwa Septemba 2022, Rais mwingine alipoingia. Naye huyo, mwezi wa Januari 2024, aliwashutumu majaji waziwazi mpaka mawakili wakaandamana. Mtawala amebadilika, tabia haikubadilika.

Lakini tusijifanye malaika sisi wa upande wa mageuzi. Mwezi wa Machi 2013 Mahakama ya Juu ilipokataa kesi ya upinzani, tuliokuwa upande huo tuliwatukana majaji. Mwaka 2017 tuliwaimbia nyimbo. Mwaka 2022 wengi wetu tukarudia matusi. Hakimu anayesifiwa akitupendelea na kulaaniwa akitunyima anafundishwa somo moja tu: atazame upepo kabla ya kuitazama sheria. Akiwa mla rushwa, katiba imeweka njia ya kumshtaki mbele ya Tume ya Utumishi wa Mahakama, kwa ushahidi. Jukwaa la siasa si mahali pa kumhukumu hakimu.

Mambo haya si ya wakubwa peke yao. Mjane wa Kyuso anayedai shamba la marehemu mumewe, mwenye kesi ya mchanga wa mto huko Makueni, kijana aliyekamatwa bila kosa Mtito Andei, wote hawa huingia mahakama za Mwingi, Makindu, Tawa au Kilungu wakiwa hawana mbunge wala wakili. Wana jambo moja tu mkononi, nalo ni imani kwamba hakimu hatauliza wanatoka kambi gani. Imani hiyo ikivunjwa Nairobi, ni wao watakaoikosa vijijini.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, vyama viendeshe mchujo kwa daftari la wanachama linalojulikana na kura ya siri, ili mwakilishi awe na deni kwa wapiga kura na si kwa mwenye kutoa cheti. Pili, fedha za mahakama zitolewe kamili na kwa wakati kupitia mfuko wake ulioagizwa na kifungu cha 173, pasiwe na waziri wa kuukaza mkanda kila hukumu isipompendeza. Tatu, kila anayeomba kura Kitui na Makueni atamke hadharani, kabla ya siku ya kura, kwamba atapeleka malalamiko yake mahakamani na kuitii hukumu hata ikimuumiza.

Wapiga kura wenzetu, swali hilo la tatu mna haki ya kuliuliza katika kila mkutano, kuanzia soko la Mwingi hadi Emali. Anayekataa kulijibu leo, akiwa hana cheo, msimpe cheo kesho.