Swali Lenye Majibu Mawili

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Kwa uamuzi huo, swali bovu la sarufi ya Kiingereza halikubaki dogo tena.

Mtoto wa Kendwa husema boti iko ufukweni, wenziwe wanakwenda ufukweni, mvuvi ametoka ufukweni. Kiambishi "-ni" kinamtosha. Kitenzi hubeba maana iliyobaki. Kiingereza humdai neno jingine kila mara: "at", "to", "from". Kumtahini katika hayo ni haki. Lisilo haki ni kumwandikia "The boat is ... the beach", achague baina ya "on" na "at", kisha moja lihesabiwe kosa, ilhali yote mawili ni fasaha: la kwanza laonyesha boti imekaa mchangani, la pili laonyesha mahali ilipo tu. Mtungaji alikuwa na picha kichwani ambayo hakuiandika. Na huenda mtoto huyo, jirani wa mahoteli, amekwishayasikia yote mawili kwa wageni.

Hapana budi kila mtungaji, kabla swali halijapigwa chapa, ampe mwalimu mwenziwe alijibu bila ya kuonyeshwa jawabu. Wakihitilafiana, sentensi iongezwe maneno au chaguo moja liondolewe. Mtahiniwa asikatwe alama.