Vifundo vya Jiko la Gesi

Wasomaji wetu, akina mama na akina baba, nanyi walimu mnaojipikia wenyewe katika nyumba za shule, mwezi huu twataka kunena juu ya kitu kidogo ambacho watu hukishika mara nyingi kila siku wala hawakitazami: vile vifundo vya mbele ya jiko la gesi, ambavyo wengi huviita swichi. Jiko lenye mafiga manne na tanuri chini yake huwa na vifundo vitano au sita, na kila kimoja ni mlango wa gesi.

Twanena haya kwa kuwa yametupata sisi wenyewe. Kwa bidii ya usafi tulikuwa tukivisugua vifundo vyetu kwa waya wa kusugulia masufuria, hata alama zote zikafutika: ile sifuri, na ule mwali mkubwa, na ule mdogo. Tukajiambia ya kuwa mikono yetu imekwisha kuzoea. Jioni moja mgeni wetu alipenda kutusaidia, akachemsha maji ya chai. Alipokwisha, alikizungusha kifundo mpaka mwisho wake, akadhani amefunga. Kumbe katika majiko mengi kifundo kina miisho miwili: mmoja ni kufungwa, na wa pili ni moto mdogo kabisa. Mwali ule mdogo ukapigwa na upepo wa dirishani, ukazimika, na gesi ikaendelea kutoka.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, basi hushuka na kutambaa sakafuni. Mtoto aliyekuwa akicheza chini ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema ya kuwa pananuka. (Harufu ile si ya gesi yenyewe, hutiwa makusudi kiwandani, ili watu wapate kujua.) Tulimtoa mtoto nje, tukafunga mtungi, tukafungua milango na madirisha, wala hatukugusa swichi ya taa wala kiberiti mpaka harufu ilipokwisha. Usiku ule hatukupika.

Basi tangu siku ile tumejifunza kuvitunza vifundo, na njia yetu ni hii. Fungeni mtungi kwanza. Na kama jiko ni la umeme, zimeni swichi ya ukutani. Ngojeni jiko lipoe. Vifundo vingi vimechomekwa tu, navyo hutoka vikivutwa moja kwa moja kuja mbele, vikiwa vimefungwa. Kimoja kikikataa, pitisheni kitambaa chembamba nyuma yake, mshike ncha zote mbili, mvute polepole. Msikichokoe kwa kisu wala kwa bisibisi, maana kitapasuka. Vingine vina skrubu ndogo ubavuni. Hiyo hulegezwa kwanza. Mkitazama ndani mtaona tundu lenye umbo la herufi D, na mara nyingi kibanio chembamba cha chuma cha kukikaza kifundo. Kibanio kile ni chepesi kupotea katika maji ya kuoshea. Sisi tumekwisha kukitafuta kimoja katika mfereji wa uani, na hatukukiona.

Osheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini au mswaki uliochakaa. Msiviroweke usiku kucha. Bati la jiko pia lipanguseni kwa kitambaa kilichokamuliwa vema, wala msilimwagie maji wala kulinyunyizia dawa, kwa sababu maji hupenya pale vijiti vitokeapo. Katika majiko yenye cheche za kuwashia, unyevu huo hufanya cheche zilie ta-ta-ta bila kukoma mpaka pakauke. Vifundo vikauke kabisa ndipo mvirudishe, ubapa wa tundu ukielekea ubapa wa kijiti. Kisha jaribuni kila kimoja: kikisukumwa ndani kirudi chenyewe, na sifuri ikae mahali pake.

Kikiwa kigumu kuzunguka, mara nyingi ugonjwa haumo katika kifundo, bali umo katika valvu iliyo nyuma yake. Grisi imekauka, au mafuta ya chakula yameingia. Hapa wengi hukosea. Huchukua koleo wakaminya kijiti hata kikapinda, au humimina mafuta ya kupikia, nayo kwa joto hugeuka kuwa kama gundi. Valvu ya gesi ina grisi yake maalumu inayostahimili joto, na mtu wa kuifungua ni fundi wa gesi, si mwingine. Walakini kifundo kikizunguka bure na kijiti hakisogei, ujue kimepasuka ndani. Msikitie gundi. Nunueni kingine, nanyi mkienda dukani chukueni kile cha zamani mkononi, maana vijiti vina unene mbalimbali, vingine milimita 6, vingine milimita 8. Tena ubapa wa tundu huelekea juu kwa vingine na chini kwa vingine. Mkikosea hapo, kifundo kitaingia vizuri, lakini sifuri yake itasema uongo.

Uongo huo katika tanuri huunguza mikate. Zamani wapishi walipima joto la tanuri kwa mkono. Mwaka 1923, huko Uingereza, jiko la New World lilitokea likiwa na kifundo cha Regulo kilichoweza kulishika joto lisipande wala kushuka, na nambari zake ndizo zilizoleta zile za vitabu vya mapishi vya Kiingereza: nambari 4 ni kama nyuzi 180, na nambari 6 ni kama nyuzi 200. Majiko mengi ya leo yana kijiti cha shaba ndani ya tanuri chenye kimiminiko; kimiminiko hutanuka kwa joto, na kwa kutanuka hupunguza gesi. Mnaposafisha tanuri msikipinde. Tena majiko mengi ya bei nafuu hayana kitu hicho hata kidogo, kifundo chao hupunguza mwali tu. Mwenye jiko la namna hiyo na anunue kipimajoto cha kutundika ndani.

Sisi, tulipokuwa tukingoja vifundo vipya, tulitia nukta za rangi nyekundu ya kucha, moja kwenye kifundo na moja kwenye bati, zikutane kikiwa kimefungwa. Vipya vimekuja na alama zao, lakini nukta za bati hatukuzifuta, na kila mgeni aingiapo jikoni huuliza ni za nini.