Homa ya Mgonjwa wa Tiba Kemikali Ianze Kutibiwa Misungwi

Mgonjwa wa saratani kutoka Misungwi anapomaliza dozi yake ya tiba kemikali Bugando, hupanda gari la kurudi kwao siku hiyo hiyo au kesho yake, mnyonge lakini si mahututi. Hatari kubwa ya tiba hiyo mara nyingi humkuta akiwa nyumbani, baina ya siku ya 7 na ya 14, wakati daktari aliyemwandikia dawa yuko mbali na tabibu aliye karibu hajui alichopewa. Hapo ndipo chembe za damu hufikia kiwango cha chini kabisa. Homa ikimpata katika siku hizo, tiba yapasa kuanzia katika kituo kilicho jirani naye, saa ile ile afikapo mlangoni. Mazoea, hata hivyo, huelekea kwingine: apimwe malaria, apewe vidonge, aandikiwe barua ya rufaa, kisha ndugu waanze kutafuta nauli.

Dawa za tiba kemikali hushambulia chembe zinazogawanyika upesi. Saratani ni kundi moja la chembe hizo. Uboho, kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa, ni kundi jingine. Chembe nyekundu huishi takribani siku 120, kwa hiyo upungufu wake huja polepole, kwa uchovu na moyo kwenda mbio mgonjwa apandapo kilima. Chembe sahani, zinazogandisha damu, huishi siku 8 hadi 10. Neutrofili, ambazo ni askari wa mstari wa mbele miongoni mwa chembe nyeupe, hukaa katika damu kwa saa chache tu. Kiwanda kikisimama, ghala lao huwa tupu mapema. Zikishuka chini ya 500 katika maikrolita moja ya damu, bakteria waliokuwa wakiishi kwa amani kinywani na tumboni mwa mtu hupata njia ya kuingia katika mkondo wa damu.

Jambo linalowapotosha hata matabibu wazoefu ni kwamba maambukizi ya namna hii hayana sura yake ya kawaida. Usaha ni mabaki ya chembe nyeupe zilizokufa vitani. Zisipokuwepo, kidonda hakitungi usaha, na picha ya eksirei yaweza kuonesha kifua safi ilhali nimonia imekwisha kuanza. Mara nyingi homa hubaki kuwa dalili pekee: nyuzi joto 38.3 mara moja, au 38.0 zinazodumu kwa saa nzima. Ndiyo maana kumeza panadol kabla ya kupima joto ni sawa na kumziba mdomo mlinzi anayepiga kelele. Na mgonjwa aliyelegea, anayetetemeka au kuchanganyikiwa atibiwe kwa haraka ile ile, hata kama kipimajoto hakioneshi homa.

Hakuna wa kumlaumu mhudumu wa Misasi au Mbarika anayewaza malaria kwanza. Ukanda huu wa ziwa una malaria kweli, na kipimo lazima kifanyike. Ila kipimo cha haraka hutambua protini ya kimelea ambayo yaweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Jibu chanya, basi, halimwondolei mgonjwa huyu bakteria, na jibu hasi halimpi ruhusa ya kurudi nyumbani. Malaria ikionekana itibiwe, antibayotiki zisiingoje. Miongozo ya kimataifa inataka dozi ya kwanza ipite mshipani ndani ya dakika 60.

Wapo watakaopinga. Watasema seftriaksoni iliyomo katika kabati la kituo cha afya haiwamudu bakteria wote wanaohofiwa, na ni kweli: hospitali ya rufaa hutumia dawa zenye upana zaidi. Lakini dawa inayowafikia bakteria wengi sasa hivi ni bora kuliko ile kamili itakayopatikana jioni. Watasema pia kwamba antibayotiki zikitolewa ovyo huzaa usugu. Hoja hiyo ni nzito, na ihubiriwe kwenye maduka ya dawa yanayouza vidonge vinne vinne kwa kila mwenye mafua, si mbele ya mtu asiye na neutrofili. Kizuizi kikubwa kuliko hizo zote ni woga wa kumgusa “mgonjwa wa Bugando”. Woga huo hutibika kwa simu moja ya kuomba ushauri huku maji ya mshipani yakiendelea kuingia.

Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea watu wa Sengerema na Geita foleni ya kivuko. Mgonjwa wa Misungwi hakuwahi kuzuiwa na maji. Barabara ya Mwanza ipo upande wake. Kinachomchelewesha ni uamuzi.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi kwa watoto. Uvimbe wa Burkitt, unaovimbisha taya za watoto wa ukanda huu, ulielezwa na daktari mpasuaji Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, na ni miongoni mwa saratani za mwanzo kuonekana zikipona kwa dawa bila kisu. Mtoto anayekufa kwa homa wiki ya pili baada ya dozi huenda amekufa akiwa njiani kupona.

Nyumbani nako kuna la kusemwa. Ndugu wakiambiwa damu imepungua, hukamua rozela na kuchemsha viazisukari vyekundu. Vinywaji hivyo havina ubaya, ila uboho uliolemewa na dawa haukupungukiwa na chuma tu, na hakuna juisi inayorudisha chembe nyeupe. Chakula kiwe cha kawaida na cha kushiba: sato aliyeiva vizuri, dagaa, mboga zilizopikwa. Maziwa yachemshwe kwanza, hata kwa familia iliyozoea kuyanywa yakitoka kwa ng’ombe, na maji ya ziwa vivyo hivyo. Dawa za kienyeji za kuingizwa njia ya haja kubwa ziachwe kabisa, kwa kuwa huchubua utumbo na kuwafungulia bakteria mlango. Mwenye chembe sahani chache asimeze aspirini wala diklofenaki, wala asichomwe sindano ya msuli pasipo lazima. Fizi zikitoka damu au madoa mekundu yakitapakaa miguuni, aende hospitali. Ndugu wanaotaka kusaidia waende kuchangia damu: chembe sahani hazikai akibani zaidi ya siku tano hivi, kwa hiyo huhitajika mchangiaji wa wiki hii.

Wodi zinazotoa tiba kemikali nazo zina wajibu. Kila anayeruhusiwa aondoke na kadi ya Kiswahili, si vifupisho vya kitabibu: jina la ugonjwa, majina ya dawa, tarehe ya dozi ya mwisho, namba ya simu ya wodi inayopokelewa usiku, na sentensi isemayo kwamba homa ya mgonjwa huyu ni dharura na asipangwe foleni. Pamoja na kadi apewe kipimajoto, aoneshwe namna ya kukisoma kabla hajatoka wodini, kisha naye amwoneshe muuguzi.